MABARAZA YA GACACA: Jinsi Rwanda Ilivyotafuta Haki na Mapatano

Rwanda ni nchi ndogo ya vilima vingi, iliyoko upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Humo hukaa Wahutu, Watutsi na Watwa, nao wote husema lugha moja, Kinyarwanda, na kulima vilima vile vile. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji iliwapa watu vipande, na katika kila kipande likaandikwa kabila la mwenyewe. Mwaka 1994, wauaji waliposimama njiani na mapanga mikononi, kipande ndicho kilichowaonyesha nani apite na nani auawe.

Mauaji hayo yalianza mwezi wa Aprili 1994, yakaendelea kwa muda wa siku 100 hivi. Umoja wa Mataifa hukadiria kuwa watu 800,000 waliuawa. Serikali ya Rwanda husema walizidi 1,000,000. Walio wengi walikuwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa uovu huo. Wauaji wengine walikuwa askari, lakini wengi walikuwa wakulima tu, majirani wa wale waliowaua. Mwezi wa Julai jeshi la chama cha RPF lilishinda vita, na serikali mpya ikashika madaraka.

Shida iliyokuwako

Serikali hiyo ilikuwa na njia mbili mbele yake: kusamehe yote, au kumwadhibu kila mkosaji. Kusamehe yote kungekuwa kumwambia mjane amwamkie kila siku mtu aliyemwua mumewe, kana kwamba hapakutukia neno. Na kuwaadhibu wote hakukuwezekana, maana mahakimu wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia nchi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 watu zaidi ya 120,000 walikuwa gerezani wakingoja kesi zao, wamesongamana vibaya, na wengine walifia humo.

Sheria ya mwaka 1996 iliwagawa washtakiwa katika mafungu manne, tangu wale waliopanga mauaji hadi wale walioiba mali tu. Kesi zilianza Desemba mwaka huo, lakini zilikwenda polepole mno. Ilihesabiwa kwamba kwa mwendo ule kazi ingehitaji zaidi ya miaka 100. Mtu asiye na hatia angekufa kabla ya kuitwa, na mwenye hatia angekufa na siri yake.

Baraza la kale latengenezwa upya

Tangu Mei 1998 hadi Machi 1999 viongozi walikutana mjini Kigali kushauriana. Hapo wakakumbuka gacaca, neno lililotokana na jina la majani. Zamani wazee walikaa majanini kuamua ugomvi wa mashamba, mifugo na ndoa, na kuwapatanisha waliokosana. Lakini baraza hilo la kale halikuwa la kuhukumu mauaji makubwa namna hii, kwa hiyo ilibidi sheria mpya itungwe mwaka 2001 kulipa nguvu.

Oktoba 2001 wananchi walichagua waamuzi wapatao 250,000, waume kwa wake. Waliitwa inyangamugayo, yaani watu wanaochukia aibu. Wengi wao walikuwa wakulima wasio na elimu ya sheria. Walifundishwa kwa muda mfupi, na hawakulipwa mshahara. Majaribio yalifanywa tangu 2002, sheria ikarekebishwa mwaka 2004, kisha mabaraza yakaenea nchi nzima.

Jinsi kesi zilivyosikilizwa

Siku ya baraza watu wa mahali pale waliacha kazi zao wakakusanyika, mara nyingi chini ya mti. Hapakuwa na wakili upande wo wote. Aliyeona jambo alisimama akalisema, na aliyetaka kumpinga alisimama naye akasema.

Jambo kubwa katika sheria hiyo lilikuwa maungamo. Chukua mfano wa mtu wa kawaida aliyeua. Kwa sheria ya mwaka 2004, akikana na kuonekana na hatia, aliweza kufungwa miaka 25 hadi 30. Lakini akiungama mapema, kifungo kilikuwa miaka 7 hadi 12, na nusu yake aliweza kuimaliza nje ya gereza kwa kazi za manufaa ya umma. Haikutosha kusema tu, “Nimekosa.” Ilimpasa aeleze alimwua nani, wapi, kwa namna gani, pamoja na nani, na maiti ilitupwa wapi, kisha aombe radhi mbele ya watu wote.

Kwa njia hiyo wajane na yatima wengi walijua kwa mara ya kwanza mahali mifupa ya watu wao ilipolala, katika shimo la choo au chini ya shamba la migomba. Waliifukua, wakaizika kwa heshima. Aliyefiwa ajua thamani ya jambo hilo.

Wakubwa na wadogo mbele ya sheria

Wakati huo huo, mjini Arusha, ilikuwako mahakama iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994 ili kuwahukumu wakubwa wa mauaji hayo. Mwaka 1998 ilimhukumu Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji, kifungo cha maisha. Lakini mahakama ya Arusha haikuruhusiwa kutoa hukumu ya kifo, hali nchini Rwanda watu 22 waliuawa kwa risasi hadharani siku ya 24 Aprili 1998. Hivyo aliyetoa amri aliweza kuishi, na aliyeitii akauawa. Mwaka 2007 Rwanda ilifuta hukumu ya kifo, na tofauti hiyo ikaondoka.

Sheria nyingine pia zilibadilishwa. Sheria ya mwaka 1999 iliwapa mabinti haki ya kurithi sawa na ndugu zao wa kiume, jambo kubwa katika nchi iliyojaa wajane na mayatima. Na kabila likaondolewa katika vipande.

Makosa yaliyoonekana

Yafaa msomaji ajue pia upungufu wa mabaraza hayo. Wako waliowasingizia jirani zao ili wapate mashamba yao. Wako waamuzi waliokula rushwa, na wengine walionekana kuwa wao wenyewe walishiriki mauaji. Mashahidi walitishwa, na baadhi yao waliuawa. Waliofiwa walilalamika kwamba toba nyingine zilikuwa za mdomo tu, na kwamba fidia hawakuipata. Tena makosa ya askari wa RPF hayakusikilizwa katika mabaraza hayo. Kwa hiyo wako Wahutu waliofiwa ambao hawakupata mahali pa kusimama na kusema, nalo ni jeraha ambalo gacaca haikuligusa.

Mabaraza yalifungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012. Yalikuwa yapata 12,000, nayo yalikuwa yameamua kesi zaidi ya 1,900,000. Zaidi ya nusu zilikuwa za mali iliyoibwa au kuharibiwa.

Funzo

Upatanisho hauji kwa amri ya serikali. Serikali yaweza kufungua mlango tu: kutunga sheria, kuchagua mahali, na kuwalinda wasemao. Wenye kuingia ni watu wenyewe. Rwanda ilionyesha kwamba wakulima wasiosoma sheria waweza kusikiliza mambo mazito kuliko yote, na kwamba ukweli ukisemwa mbele ya majirani huondoa sehemu ya uchungu. Ilionyesha pia kwamba haki isiyowafikia wote huacha deni. Na deni la namna hiyo, baba asipolilipa, mwana hudaiwa.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini kufunga watu wote gerezani hakukuweza kuleta haki?
2. Je, ni haki aliyeungama apunguziwe adhabu? Mjane angesemaje?
3. Ni faida gani, na ni hatari gani, kuhukumiwa na majirani zako?