Leso za Marehemu Mama na Sindano ya Dorkasi

Andiko: Matendo ya Mitume 9:36-42, Kutoka 22:26-27

Jumapili tulisoma habari za Dorkasi wa Yafa, na baada ya ibada nikaulizwa swali ambalo halikuishia pale mlangoni: je, mtu aliyeokoka anaweza kujifunika leso za mamake aliyekufa? Wengine wanasema zichomwe, ati nguo za marehemu zinafuatwa na mapepo. Wengine wamezifungia sandukuni miaka mingi, hawazivai wala hawazitoi.

Tuanze na Dorkasi mwenyewe. Jina lake lingine ni Tabitha, maana yake paa, kama hawa wetu wa msitu wa Arabuko. Alipokufa, Petro aliitwa kutoka Lida. Kufika chumbani, wajane wakamzunguka wakilia. Walimwonyesha nini? Si mali, si vyeo. Walimwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi alizishona alipokuwa nao. Maiti imelala palepale, nguo ziko mikononi mwao, na hatusomi kwamba Petro alizikemea. Alipiga magoti akaomba.

Mtasema, hizo alizishona tu, hakuzivaa yeye. Sawa. Lakini hebu tuseme ukweli, hofu yetu ni ya kitambaa au ni ya marehemu? Sisi hapa Jilore tunajua kigango ni nini. Kinasimamishwa kwa ajili ya mzee wa gohu aliyekufa, na mzee huyo anamwagiwa tembo na kuombwa. Hapo sisi hatupo. Blanketi la leso za mama haliombwi kitu. Halilishwi. Linamfunika mtoto aliye hai, basi. Anayelimwagia tembo, huyo tuzungumze naye kando.

Na Mungu wetu anajali mtu analala amejifunika nini. Chuoni nilikosoma biashara tulifundishwa kushika dhamana mpaka deni liishe. Torati inasema ukichukua vazi la maskini kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijatua, kwa sababu atajifunika nini usiku? Mkopeshaji gani wa leo angekubali?

Kule Alabama, Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, kwenye kona ya mto, na wenyeji wake wengi ni wazao wa watumwa. Mwaka 1942 mama mmoja, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alichukua nguo za kazi za marehemu, akazikata vipande, akaviunga kuwa blanketi. Bintiye Arlonzia alieleza baadaye kwamba mamake alitaka kumkumbuka mume na kujifunika blanketi hilo kwa upendo. Nguo za shamba zile, zenye magoti yaliyopauka!

Sasa kazi yenyewe. Fua leso, anika juani zikauke kabisa. Kata sehemu nzima, acha iliyochakaa. Leso ina pindo, mji na jina. Jina liache lionekane, maana mama alilichagua mwenyewe dukani. Ila lisome kwanza! Kuna majina ya vijembe vya mke mwenza, na hayo si ya kumlaza nayo yatima. Unga vipande mpaka vitoshe kitanda, weka katikati blanketi kuukuu, chini shuka, kisha piga bandi kwa mkono mapana na marefu ili tabaka zisihame.

Ukipiga hesabu za kibiashara hii ni hasara. Jioni nyingi zinakwenda, na Malindi mjini blanketi jipya unapata asubuhi moja. Lakini aliyefiwa hajapungukiwa na blanketi. Matanga yakiisha watu wote wanarudi makwao, na usiku wa kwanza wa nyumba tupu ndio mgumu. Kwa hiyo msimpelekee siku ya mazishi, vitu vitapotea katika watu wengi. Mpelekeeni wiki tatu baadaye, mkae, mnywe chai, mumwache aseme habari za mamake hata kama mmeshazisikia.

Kinamama watakaa Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi. Leta sindano, uzi mweupe, na leso ulizofungia sandukuni. Kama bado unaogopa, zilete hivyo hivyo, tutaziombea kwanza kisha tukate. Wababa wenye mashati ya baba zao nao wasione haya kuja.