Ugomvi Kanisani: Tuzibe Ufa Mapema



Somo letu la leo ni juu ya kumaliza ugomvi kati ya waumini wa kanisa moja. Hata wewe usiye Mkristo soma pamoja nasi. Ugomvi wa namna hii hutokea pia msikitini na katika chama cha kuzikana.

MABATI 24

Tuchukue mfano. Waumini wa kijiji kimoja walichanga shilingi 840,000 ili waezeke kanisa lao. Mhazini alikwenda mjini, akarudi na mabati 24. Jumapili alitangaza kwa mdomo tu, "Mabati yamefika, Mungu asifiwe." Hakusoma hesabu. Hakuonyesha stakabadhi.

Basi maneno yakaanza. Mama mmoja alisema kisimani, "Hivi hela zote zile ndiyo mabati 24 tu?" Hadi jioni maneno yake yalikuwa yamegeuka. Sasa watu walisema, eti mhazini ameiba. Mhazini alipopata habari alikasirika, akanyamaza. Ndugu zake wakaacha kuja ibadani, wakawa wanasali nyumbani kwake. Kwaya ikagawanyika.

Kisha mzee mmoja wa ukoo wa mhazini alifariki. Watu wa upande wa pili hawakwenda kuchimba kaburi. Wajukuu wa marehemu walichimba peke yao tangu asubuhi mpaka jua likaribie kuzama.

Bati likipotea laweza kununuliwa tena. Lakini siku kama ile haisahauliki upesi.

HATA KANISA LA KWANZA LILIGOMBANA

Kugombana si jambo jipya. Soma Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kule Yerusalemu wajane waligawiwa chakula kila siku. Waumini waliosema Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa, lakini wajane wa Waebrania wanapata.

Mitume walifanya nini? Hawakuwafokea walionung'unika. Waliita mkutano wa waumini wote, wakawaambia wachague watu 7 wenye sifa njema wasimamie kazi ile. Wakachaguliwa Stefano, Filipo na wengine 5. Majina yao wote 7 ni ya Kiyunani. Yaelekea basi wengi wao walitoka upande ule uliolalamika. Hivyo waliolalamika waliona kwamba na wao wamo.

HATUA TATU

Katika Mathayo 18, aya ya 15 mpaka 17, tunaonyeshwa hatua za kufuata. Sisi tunazieleza hivi:

1. Mwendee mwenzako mwenyewe, mkae wawili tu. Usianzie kisimani wala sokoni.

2. Asipokusikia, chukua mtu mmoja au wawili. Wawe watu wanaoheshimiwa na pande zote mbili. Usichukue shemeji zako waje kukusaidia kugombana.

3. Ikishindikana, jambo lifike mbele ya kanisa. Kila mtu aseme aliyoyaona, si aliyoyasikia. Karani aandike.

Lakini angalieni! Kama mtu amepigwa, au mtoto amefanyiwa uovu, msilimalize jambo hilo kanisani kwa siri. Toeni taarifa polisi au kwa serikali ya kijiji.

KALAMU HUMALIZA MANENO

Turudi kwenye mabati yetu. Baada ya msiba ule wazee wa kanisa walimwendea mhazini. Walimwomba alete stakabadhi zake, zikasomwa mbele ya wote:

Michango: Sh. 840,000
Mabati 24 kwa Sh. 30,000 kila moja: Sh. 720,000
Kukodi gari: Sh. 60,000
Salio: Sh. 60,000

Salio lilikuwapo. Mhazini alilifungua kwenye kitambaa, akaliweka mezani. Alikuwa amelitunza kwa ajili ya misumari.

Watu walikaa kimya. Kisha yule mama wa kisimani alisimama akaomba msamaha. Mhazini naye aliomba msamaha, kwa sababu hakusoma hesabu siku ya kwanza. Lakini wale vijana waliochimba kaburi hawakurudi kwenye kwaya mwaka ule.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Elimu hiyo usiiache nyumbani unapokwenda kanisani. Ukiwa mhazini, andika, usisubiri kuulizwa. Ukiwa mwumini, uliza kwa heshima, uliza mapema, na umwulize mwenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari.

MANENO MAGUMU

Mhazini: mtu anayetunza fedha za kikundi.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba fedha imelipwa.
Salio: fedha iliyobaki baada ya matumizi.

MASWALI

1. Mhazini alikosa nini? Na waumini walikosa nini?
2. Kwa nini mitume waliita waumini wote?
3. Ungekuwa wewe yule mama, ungemwuliza nani, na wapi?
4. Andika katika daftari lako hesabu ya mchango mmoja wa kikundi chenu: kilichoingia, kilichotumika na salio.