Insha ya Hoja: Wasichana na Kuogelea

Swali: "Wasichana wa pwani wafundishwe kuogelea." Jadili.

Mtahiniwa, usiorodheshe tarehe tupu. Kila tarehe unayoitaja ieleze inathibitisha nini.

Hoja ya 1: Historia. Kuogelea kulikuwamo katika Olimpiki ya Athens mwaka 1896, lakini wanawake waliruhusiwa kuogelea na kupiga mbizi mwaka 1912, Stockholm. Kilichowazuia miaka 16 ni kanuni, si udhaifu wa mwili.

Hoja ya 2: Mfano wa nyumbani. Magdalena Moshi aliiwakilisha Tanzania katika kuogelea, London 2012. Basi jambo hili si la wageni pekee.

Hoja ya 3: Usalama. Msimbati, Mtwara, imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Katika pwani hiyo wanawake husubiri bamvua, maji yakipwa hutembea hadi mwambani kuchokoa pweza. Maji yakianza kujaa, asiyejua kuogelea akichelewa kurudi yumo hatarini.

Hoja pinzani: Wapo wasemao kuogelea kunavunja stara. Ijibu kwa heshima: Nungwi, Unguja, wanawake wamejifunza wakiwa wamejisitiri mwili mzima, wakifundishwa na wanawake wenzao.

Hitimisho: Usirudie hoja zako. Toa msimamo na pendekezo moja linalotekelezeka.

Jipime: Andika hitimisho hilo kwa maneno yasiyozidi 40.