Elfu Moja Moja Zilivyokuwa Zinanimaliza

Kwa muda mrefu niliamini tatizo langu ni mshahara. Unaingia tarehe 25, nalipa kodi ya chumba, namtumia mama pesa ya matumizi, nanunua mchele na mafuta ya kula, inabaki kama laki moja na themanini ya kunifikisha mwisho wa mwezi. Tarehe 12 nakopa nauli. Na sikuwa nimenunua kitu chochote cha maana. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma: pesa imekwisha na sijui imeishia wapi.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja anayeuza vitenge Kariakoo, jirani na ofisi yetu. Kwake kila kinachotoka kinaandikwa, hata maji ya kunywa. "Mdogo wangu," aliniambia, "usipoandika mia mbili, elfu kumi utaitafuta mpaka kesho."

Nikanunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Wiki ya kwanza niliandika usiku kabla ya kulala, na haikusaidia. Usiku hukumbuki maji ya chupa ya saa saba mchana, wala ile mia uliyomwachia muuza karanga kwa kukosa chenji. Andika papo hapo, umesimama hapo hapo dukani.

Halafu usiishie kwenye kiasi, andika na sababu. Mistari yangu ilikuwa hivi: "Boda, kituoni mpaka nyumbani, 1,000, mvua." "Boda, 1,000, nimechelewa." "Boda, 1,000, basi tu." Baada ya wiki tatu nilihesabu, na "basi tu" zilikuwa nyingi kuliko mvua. Kutoka kwangu hadi kituo cha mwendokasi pale Kimara ni dakika 15 kwa miguu. Elfu moja asubuhi, elfu moja jioni, kwa siku 26 za kazi ni 52,000. Zaidi ya robo ya pesa yangu ya mwezi ilikuwa inapanda pikipiki! Sasa natembea. Boda nimeiachia mvua na usiku.

Jambo la pili lilikuwa makato ya simu. Nilikuwa natoa elfu tano tano kwa wakala nikidhani najibana. Kumbe makato yanakwenda kwa viwango, na kutoa elfu tano mara sita kunakula zaidi ya kutoa elfu thelathini mara moja. Kwa hiyo usifute SMS za miamala. Mimi kila Jumapili jioni nazisoma zote na kuhamishia makato kwenye daftari.

Bando nalo nililiacha la siku nikachukua la wiki.

Chakula sikukigusa, nawe nakuomba usikiguse. Nilijaribu kuruka chai na chapati za mama ntilie kwa siku nne. Kila siku ikifika saa tano nanunua soda na keki kwa bei kubwa zaidi, na njaa haiishi.

Siku hizi kila Jumamosi napeleka elfu kumi kwa kijumbe wetu wa upatu, na tangu nianze sijakopa nauli. Kesho asubuhi ukipanda gari, andika nauli yako kabla hujashuka.