Dawa ya Usingizi, Sheria na Saa Zinazopita

Flunitrazepamu, ijulikanayo zaidi kwa jina la Rohypnol, ni dawa ya usingizi iliyo katika kundi la benzodiazepini, pamoja na diazepamu. Humlegeza mtu, humlaza, na huweza kumfanya asikumbuke yaliyotokea baada ya kuimeza. Ikichanganywa na pombe, nguvu yake huongezeka na upumuaji huweza kudhoofika. Kwa sababu hiyo wahalifu wamekuwa wakiitia kwa siri katika vinywaji ili kubaka au kuiba.

Mwaka 1995 Umoja wa Mataifa uliihamisha dawa hiyo kutoka Jedwali la 4 hadi Jedwali la 3 la Mkataba wa 1971, lenye udhibiti mkali zaidi. Nchini Marekani, ambako haijaidhinishwa kutumika kama tiba, sheria ya mwaka 1996 iliweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayempa mtu dawa inayodhibitiwa bila yeye kujua, kwa nia ya kumtendea ukatili, ubakaji ukiwamo. Baadaye kampuni ya Roche ilibadili kidonge ili kiyeyuke polepole na kukitia kinywaji rangi ya buluu.

Hata hivyo, sheria huhitaji ushahidi, na ushahidi huo hupotea upesi. Aliyenyweshwa hana kumbukumbu, na mwili wake unaendelea kuitoa dawa kila saa. Basi mhudumu wa afya asimshuku mtu kwa sababu tu maelezo yake yana mapengo, kwani pengo hilo laweza kuwa dalili. Kwa ridhaa yake, mkojo uchukuliwe mapema iwezekanavyo, hasa ndani ya saa 72, na saa ya kuuchukua iandikwe. Kipimo cha haraka kisipoonyesha kitu, hilo si thibitisho kwamba hakunyweshwa, kwa kuwa vipimo hivyo huweza kuikosa dawa hii. Aliyebakwa aanzishiwe pia dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kabla ya saa hizo 72 kwisha.

Kwa upande mwingine, mgonjwa anayetumia dawa za kundi hili kwa cheti cha daktari hatendi kosa. Ikiwa amezitumia kwa muda mrefu, asiziache ghafla kwa kuhofia sheria, kwani anaweza kupatwa na degedege. Kipimo hupunguzwa polepole, chini ya uangalizi wa daktari.