Kesi ya watoto si kesi ya hawara

Akina mama wengi wanaokuja kwangu kuulizia talaka huja na simu mkononi. Hata hawajaketi vizuri, wameshaifungua: meseji za usiku wa manane, picha za gesti, sauti ya mume akimwita mwingine "mke wangu". "Wakili, ushahidi wote ninao," wananiambia. Nawauliza: kadi ya kliniki ya mtoto iko wapi? Hapo hunitazama kama mtu aliyechanganya mafaili.

Sijachanganya. Ndoa ikifika mahakamani hubeba mambo matatu kwa mpigo: kuvunja ndoa, kugawana mali, na watoto watakaa na nani. Hawara ana nafasi yake katika la kwanza, maana ugoni ni moja ya dalili ambazo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitaja kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukatili ni dalili nyingine, na kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi vilevile. Lakini hakimu akifika kwenye watoto, swali linabadilika. Hamtafuti tena mwenye kosa. Anatafuta mtoto atalala wapi, atakula nini, nani atampeleka shule Jumatatu asubuhi. Mama aliyetumia siku nzima ya ushahidi kumweleza hakimu habari za gesti anaweza kurudi nyumbani bila kutamka hata mara moja jina la mwalimu wa mwanawe.

Tuanze mlangoni. Mlango wa kwanza ni baraza la usuluhishi wa ndoa: la kata, la kanisa lenu, au la Bakwata kwa Waislamu. Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati ya kusema hivyo, na hati hiyo ndiyo inayoambatanishwa na ombi la talaka. Wengi huidharau hatua hii, wengine hupokea kikaratasi chochote chenye mhuri na kukimbilia mahakamani. Msicheze hapo. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta mashauri yaliyopanda ngazi zote za chini kwa sababu tu hati ya baraza haikuwa sahihi, na wahusika wakalazimika kuanza upya. Sheria inakuruhusu kuliruka baraza katika hali chache: mume ametoweka na hajulikani aliko, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, amefungwa kwa miaka isiyopungua 5, au mahakama ikiona kuna mazingira ya kipekee. Na kama ndoa haijatimiza miaka 2, unahitaji kwanza ruhusa ya mahakama.

Jambo moja ambalo hata wenyeviti wengine hulisahau: baraza halitoi talaka wala haligawi watoto. Kazi yake ni kupatanisha. Mwenyekiti akiandika kwamba watoto waende kwa baba, ameandika jambo asilo na mamlaka nalo. Halikadhalika kwa waliooana Kiislamu, karatasi ya talaka tatu aliyokutupia mume mezani haimalizi ndoa mbele ya sheria ya Bara. Baada ya baraza kushindwa, mahakama huitazama talaka hiyo kama uthibitisho kwamba ndoa imekwisha, kisha yenyewe ndiyo hutoa amri. (Zanzibar wana utaratibu wao, na ndoa za Kiislamu huko huenda Mahakama ya Kadhi. Makala hii ni ya Tanzania Bara.)

Sasa watoto, ambako ndiko akina mama hutishwa zaidi.

Kitisho cha kwanza ni mahari. "Nilitoa ng'ombe, watoto ni wa ukoo wangu." Shangazi hulisema, mjomba hulisema, na mama mwenyewe huishia kuamini. Sheria ya Ndoa inamtaka hakimu azingatie mila za jamii wanayotoka wazazi, ni kweli, lakini mila inakuja nyuma ya ustawi wa mtoto. Ustawi huo ndio wa kwanza, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imelirudia hilo bila kumung'unya maneno. Ng'ombe hawahesabiwi.

Kitisho cha pili ni umri wa miaka 7. Mtaani imekuwa kama amri ya Musa: mtoto akifikisha 7, baba anamchukua. Sijui nani aliisambaza, ila ameumiza wanawake wengi. Sheria inasema mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, isipokuwa kuwe na ushahidi wa kuonyesha vinginevyo. Basi. Haisemi kwamba akitimiza 7 anahamia kwa baba. Baada ya umri huo wazazi wote wawili wanasimama sawa, na kila mmoja aonyeshe mtoto atatunzwa vipi. Kwa upande wa pili, usiifanye 7 kuwa ngao ya chuma. Mama anayelewa na kumwacha mtoto wa miaka 3 peke yake usiku anaweza kumpoteza.

Kitisho cha tatu ni umaskini. "Huna kazi, utawalisha nini?" Hakimu hampi mtoto mzazi mwenye pesa nyingi zaidi. Kama ndivyo ingekuwa, amri za matunzo zisingekuwa na kazi. Mtoto anaweza kukaa kwako na baba akaamriwa alipe, kwa sababu wajibu wa kumtunza mtoto haukatiki kwa talaka, na Sheria ya Ndoa inamtwisha baba kwanza.

Basi hakimu anaangalia nini? Umri na jinsia ya mtoto. Maoni yake mwenyewe, kama amefika umri wa kuwa na maoni na hakukaririshwa. Umuhimu wa ndugu kukaa pamoja. Na zaidi ya yote, kwa ninavyoziona kesi hizi, mazoea: mtoto amezoea kuishi na nani, shule gani, mtaa gani. Sheria haipendi kumhamisha-hamisha mtoto aliyetulia. Hapo ndipo kadi ya kliniki inapopata thamani kuliko meseji za hawara. Imeandikwa tarehe za chanjo, na nesi akiulizwa atasema ni nani aliyekuwa akija na mtoto mgongoni. Risiti za ada, daftari la shule lililosainiwa na mzazi, mwalimu wa darasa, jirani anayekuona ukimsubiri mtoto pale barabarani: huo ndio ushahidi. Mahakama inaweza pia kumwagiza afisa ustawi wa jamii afike nyumbani na kuandika ripoti. Akija, usimkodie sofa. Anataka kuona mtoto analala wapi na kama anacheka.

Mazoea hayo hayo ndiyo mtego. Mume akimchukua mtoto "kwa likizo" na kumpeleka kwa bibi kijijini, kila mwezi unaopita mtoto anazoea huko, na siku ya hukumu utaambiwa ametulia. Usikae kusubiri ndugu wafanye kikao. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, fungua shauri, na omba amri ya muda ya kukaa na mtoto wakati kesi kubwa inaendelea. Lakini usiende kumnyakua shuleni mbele ya wenzake. Kabla ya amri ya mahakama wote wawili ni wazazi. Baada ya amri, anayemwondoa mtoto kwa aliyepewa anavunja sheria, awe baba au mama.

Kama unapigwa, ondoka. Sheria ya Ndoa inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, na hakuna hakimu makini atakayesema ulikimbia nyumba. Ondoka na watoto ukiweza, na vyeti: cha ndoa, vya kuzaliwa, kadi za kliniki. Pita kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, upewe PF3, fomu ya polisi ya majeraha. Alama za mwili hupona, karatasi inabaki.

Kuhusu matunzo, usiseme tu "baba ana uwezo". Onyesha. Mshahara wake kama ameajiriwa, leseni ya biashara, fremu za duka, bajaji zinazolala uani. Kisha andika mahitaji ya mtoto kwa shilingi: kodi, chakula, sare, nauli, dawa. Mahakama hupima kipato cha wazazi wote, mizigo mingine waliyo nayo, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Ukiomba mara kumi ya mshahara wake utachekwa chinichini. Akishindwa kulipa, rudi mahakama ileile na ombi la kukaza hukumu. Mshahara unaweza kukatwa. Maisha yakibadilika, yako au yake, amri nayo inaweza kubadilishwa.

Mali niiguse kidogo, maana inastahili makala yake. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani inazitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu siku ile, lakini wanawake waliomfuata wanapita njia aliyoifungua. Na ukisikia mume anatafuta mteja wa nyumba mnayoishi, wahi kuweka zuio. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi.

Kesi hizi ni ndefu. Utaenda mara nne usikie "shauri limeahirishwa" kabla ya kusikia neno la maana. Hasira hutafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea kwenye status ya WhatsApp. Nimeona status imechapishwa na kuletwa kama kielelezo, mama anaulizwa mbele ya watu: haya matusi uliandika wewe? Chagua mtu mmoja wa kumlilia, dada au rafiki, wengine wape salamu tu. Usimtume mtoto kwa baba yake na ujumbe wa "mwambie atume hela". Usimkaririshe ya kusema kwa hakimu. Watoto hujifichua wenyewe, "mama kasema niseme hivi", na hapo umeharibu. Na hata kama wewe hutaki kumwona, usimzuie baba kumwona mtoto isipokuwa kuna hatari ya kweli, na hatari hiyo umeiripoti. Kuonana na mzazi wa pili ni haki ya mtoto, na mama anayefunga mlango huonekana anapigana vita yake kwa mgongo wa mtoto.

Nunua daftari la shilingi mia chache. Andika tarehe: leo baba ametuma kiasi gani, leo hakuja, leo mtoto alilazwa na nani alilala naye hospitali. Andika siku hiyohiyo. Miaka 2 baadaye, wakili wa upande wa pili akikubana, hutategemea kumbukumbu.

Asiye na pesa ya wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, nao wapo hadi wilayani. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wamefanya kazi hii miaka mingi. Mahakama ya mwanzo husikiliza mashauri ya ndoa kwa Kiswahili, na wakazi wa Dar es Salaam wana Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke.

Kama mwanao hana cheti cha kuzaliwa, anzia RITA, wakala wa usajili wa vizazi, au ofisi ya mkuu wa wilaya, wiki hii, kabla samansi haijagonga mlango.