Pesa Zimefika, Baba Hajafika



Somo letu leo linahusu simu ya mkono katika ndoa. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi wa Machi, 2007. Kabla ya hapo, mume aliyefanya kazi Nairobi alituma pesa kwa posta au kwa mkono wa dereva wa basi, ama alizileta mwenyewe. Alipozileta, mke na watoto walimwona, na kama kulikuwa na neno, lilizungumzwa likaisha.

Mtafiti Olga Morawczynski, wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alilichunguza jambo hili miaka ya mwanzo ya huduma hiyo, huko Kibera na Bukura, magharibi mwa Kenya. Aliona mambo mawili. Kwanza, akina mama wa mashambani walipata pesa mara nyingi zaidi, na wengine waliweza kujiwekea akiba ya siri. Pili, baadhi ya waume walipunguza safari za nyumbani. Wake zao wakaingiwa na hofu kwamba huenda wamepata wanawake wengine mjini.

Tusiilaumu simu. Iliondoa sababu moja tu ya safari, yaani kupeleka pesa. Sababu ile nyingine, upendo, imebaki mikononi mwetu. Mbele ya altare mume hakuahidi matumizi peke yake. Aliahidi nafsi yake, katika taabu na raha.

Na yule mama anayeficha akiba? Kabla ya kumkemea, mume ajiulize: “Mbona mke wangu ananiogopa?” Mama naye ajiulize kama siri hiyo inalinda chakula cha watoto, au inajenga ukuta kati yao wawili.

Basi, fanyeni hivi:

1. Pigianeni simu hata siku ambayo hakuna pesa ya kutuma.
2. Pangeni pamoja tarehe ya baba kufika nyumbani, naye aitimize.
3. Elezaneni mapato na madeni yenu bila kufichana.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

(a) Mara ya mwisho mliongea kwa simu juu ya nini, zaidi ya pesa?
(b) Ni siri gani ya simu inayoumiza ndoa yenu?

Mungu azibariki familia zenu.